Mwandishi wa Kwetu

"Huyo mwandishi mnayesomewa siku hizi pale ushirika, ni mtu wa kwetu au wa kwao?"

Swali hilo aliliuliza jirani Chathu, asubuhi, akiwa upande wake wa ua anasugua meno kwa majivu ya makapi ya mpunga. Hakuwa na nia mbaya. Chathu huuliza maswali kama watu wengine wanavyotema mate, haangalii yameangukia wapi. Alipomaliza kusukutua aliingia ndani kunywa chai, na mpaka leo hajui kwamba aliwahi kuuliza kitu.

Lakini swali lilikuwa limemwangukia Achuthan, mwenyekiti wa Ushirika wa Wasokota Biri wa Kavumpuram, na mwenyekiti alibaki kisimani na ndoo mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni. Miaka yote aliyoongoza ushirika, wanachama walikuwa wakisomewa vitabu vya kila namna, na yeye hakuwahi kuuliza waliovitunga ni watoto wa nani, wanasali wapi, na kura zao humpa nani. Masikio ya wanachama yalikuwa wazi kama zizi lisilo na lango. Alimshukuru Mungu kwamba aibu hiyo ameigundua mwenyewe kabla haijagunduliwa na mtu wa chama kingine.

Ilipofika saa ya chai tangazo lilikuwa limekwisha kubandikwa mlangoni, limepigwa mhuri juu na chini:

"Wanachama wote wanafahamishwa kwamba, kwa kutambua mchango mkubwa wa masikio katika maendeleo ya taifa, uongozi umeunda Kamati Ndogo ya Uhakiki wa Asili, Msimamo na Mwelekeo wa Waandishi Wanaosomwa kwa Sauti. Usomaji umesitishwa hadi kamati itakapokamilisha majukumu yake. Usokotaji unaendelea kama kawaida."

Kazi ya kusokota biri, zile sigara nyembamba za jani, ni kazi ya mikono na macho. Mtu anakaa chini kwenye jamvi, ungo mapajani, anaweka tumbaku juu ya jani lililokatwa, anasokota, anakunja mdomo, anafunga uzi, anachukua jani jingine. Masikio hayana kazi. Ndiyo maana tangu zamani wasokotaji humchagua mmoja wao mwenye sauti nzuri, akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha na kuwasomea: gazeti asubuhi, hadithi baada ya chai. Na kwa kuwa msomaji hasokoti, kila mtu humtupia biri chache kutoka kwenye ungo wake, ili jioni naye awe na za kupeleka kuhesabiwa. Hakuna sheria iliyoandika jambo hilo, labda ndiyo sababu linakwenda vizuri.

Msomaji wakati huo alikuwa Madhavi, mama mpole ambaye sauti yake ilifika ukuta wa nyuma bila kupaazwa. Kitabu kilikuwa Mlango wa Kusini, na mtungaji wake alijiita Elanjiyoor, jina la kijiji chake, kama wanavyofanya waandishi wengi wa huko. Walikuwa wamefika pale ambapo Kalyani, aliyezuiwa na kaka zake asikanyage chumba cha marehemu mama yao, amepata ufunguo, ameingia nyumbani wengine wakiwa sokoni, na amesimama mbele ya mlango, mkono juu ya komeo. Madhavi akafunga kitabu wanywe chai. Walipogeuka wakaliona tangazo.

Mwenyekiti mwenyewe hakuwa akisikiliza kwenye banda la kusokotea. Ofisi yake ilikuwa na feni iliyonguruma, na kiongozi kukaa jamvini pamoja na watu akisikiliza hadithi ni jambo ambalo halijapata kuonekana. Yeye sura zake alizipata nyumbani, mezani. Mke wake Yashoda alisokota biri katika banda hilohilo, na kila jioni, akishapakua wali na mchuzi wa vibua, alikaa mkabala naye akamsimulia yaliyosomwa.

Inafaa kusema hapa kwamba wawili hao hawakuwa na ugomvi. Walikuwa wameishiwa tu. Watoto walikwenda nchi za Ghuba kutafuta maisha, na pamoja nao yakaondoka maneno ya ada na homa na viatu vilivyobana. Pakabaki mume kusema mchuzi ni mzuri, na mke kusema ongeza. Kisha wakakaa wakiwasikiliza mijusi darini. Siku Yashoda alipoanza kumsimulia vitabu, nyumba ikarudiwa na uhai. Alisimulia kwa sauti za watu wote, mpaka za kuku, na mwenyekiti alijifanya anachambua miiba, lakini kila alipotua alimwuliza, "Halafu?" Watu wasidhani ni jambo dogo. Kuna nyumba zimesimama juu ya nguzo za msaji, na kuna nyumba zimesimama juu ya "halafu".

Jioni ya siku ya tangazo mwenyekiti alinawa, akakaa, akamega tonge la kwanza.

"Halafu?" akasema.

"Halafu nini?" akauliza Yashoda.

"Kalyani. Amefungua?"

"Usomaji umesitishwa," akasema Yashoda, na akamsogezea achari ya embe.

Mwenyekiti alimweleza kwamba ni hatua ya muda, na kwamba taratibu zikishakamilika watu watasikia kwa usalama zaidi. Yashoda akasema sawa. Wakala. Mijusi ilikuwa mingi usiku huo.

Kamati ilikuwa na wajumbe watatu. Wa kwanza ni mwenyekiti. Wa pili ni mwalimu mstaafu Kelappan, katibu, aliyetunza mhuri kwenye soksi safi. Wa tatu alikuwa Nabeesa, msokotaji, aliyeteuliwa kuwakilisha wanachama kwa sababu alikuwa akisema hata pale ambapo hajateuliwa, na ilionekana afadhali aseme ndani kuliko nje. Agenda ilikuwa moja: wa kwetu ni nani?

Mwalimu Kelappan alisema jambo hilo lisingechukua muda. Wa kwetu ni mtu wa chama chetu. Nabeesa akakumbusha kwamba nusu ya banda ni wa chama kile kingine, na wanachangia ungo kwa Madhavi sawasawa na wenzao. Hata hivyo, kwa kuwa kamati iliheshimu utafiti, kikaletwa kitabu cha mwandishi wa chama, mtu safi, kadi yake imelipiwa. Madhavi akakisoma asubuhi nzima. Ndani yake kijana na msichana walipendana katika mkutano, wakachumbiana katika mkutano, na walipobaki peke yao kando ya mto wakachagua katibu. Mikono ya wasokotaji ikalegea, na biri za siku hiyo zikatoka kama soksi zisizo na mguu. Mkaguzi wa ubora akazirudisha, akauliza kama kuna ugonjwa. Kamati ikaandika kwamba kigezo cha chama ni kizuri, ila kinahitaji tumbaku nyingi.

Ikaamuliwa waende kwa dini. Banda likagawanywa kwa nguzo ya kati: wa hekalu upande wa kisima, wa msikiti upande wa barabara, na Madhavi akapewa zamu ya kwenda huku na huku na vitabu tofauti. Mkristo alikuwa mmoja tu, Rosamma, akawekwa kwenye magunia ya tumbaku na maisha ya mtakatifu, asome mwenyewe kimoyomoyo. Rosamma ni mcha Mungu wa kweli, na alikisoma kwa heshima. Lakini kila baada ya muda alinyoosha shingo akauliza kwa sauti wenzake wa upande wa kisima wamefikia wapi, na wa kisima wakawauliza wa barabarani, na kelele zikawa nyingi kuliko hadithi. Mungu, aliyewaumba wote na masikio mawili mawili, hakusema kitu.

Kuhusu kikao cha tatu, kilichojadili ukoo na tabaka, hakuna kumbukumbu zilizoandikwa. Mwalimu Kelappan alihitaji mikono yote miwili kushikilia meza.

Siku zisizo na majaribio Madhavi alikaa kwenye kigoda chake, kitabu cha Mlango wa Kusini kimefungwa mapajani, na wanawake waliendelea kumtupia biri zake kila mchana. Mwenyekiti alipouliza analipwa kwa huduma gani, Nabeesa alisema analipwa kwa kunyamaza, na kwamba ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza kwa sababu amekwisha kuchungulia ukurasa unaofuata.

Jambo hilo mwenyekiti hakulijua, na likamchoma. Kumbe yupo mtu Kavumpuram anayejua kilicho nyuma ya mlango. Jioni hiyo akiwa mezani alimwuliza Yashoda, kama mtu anayeulizia bei ya nazi, iwapo Madhavi amewadokeza lolote. Yashoda akasema Madhavi ni mtu mwenye kuheshimu matangazo.

"Hata kidogo?" akasema mwenyekiti.

"Hata kidogo. Ongeza mchuzi."

Hakuongeza. Alikuwa amekonda. Katika vikao alianza kuhimiza mambo yaende haraka, akagonga meza, akasema taifa haliwezi kungoja, na mwalimu Kelappan akaandika kwenye kumbukumbu kwamba mwenyekiti ana uchungu na taifa.

Aliyewatoa kwenye tope ni Nabeesa, na alifanya hivyo kwa sababu alikuwa amechoka na alitaka kwenda kupika. Aliinua kidole cha shahada. Kila msokotaji hufuga ukucha wa kidole kimoja, au hujifungia kipande cha bati, kwa ajili ya kukunjia mdomo wa biri. Ukucha huwa mrefu, mgumu, wa rangi ya chai, na harufu ya tumbaku haiutoki hata ukiuosha kwa ndimu.

"Wa kwetu ni mwenye hiki," akasema. "Chama ninacho, dini ninayo, ukoo wangu mnaujua mpaka unawakera. Lakini nikifa, mtakaponiosha, mtanijua kwa ukucha. Mwenye huu ni wa kwetu. Asiye nao, tutamsikiliza na tutampa chai, lakini si wa kwetu."

Mwenyekiti alifurahi kuliko wote. Hapo ndipo alipoona tofauti ya kigezo na porojo: ukucha unaonekana, unapimika, na hauna chama. Akaliandika azimio kwa mkono wake mwenyewe, akalifuta mara kadhaa mpaka likawa na mlio anaoutaka. Likasomeka kwamba kuanzia sasa wenye ukucha watamsikia mwenye ukucha, na mwenye ukucha atasikiwa na wenye ukucha tu, iwe bandani, njiani au majumbani, bila upendeleo kwa mtu yeyote wa cheo chochote. Mwalimu alishauri neno "majumbani" liondolewe. Mwenyekiti alikataa, akasema ufisadi wa maneno huanzia majumbani. Azimio likapelekwa bandani, mikono ikanyooshwa, likapita. Wa Yashoda ulinyooshwa pia.

Ikabaki kumhakiki Elanjiyoor. Mwalimu Kelappan alipanda basi na mhuri wake kwenda kijiji hicho, akarudi na tumbo lililoridhika na taarifa ndefu. Mwandishi alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Mwalimu aliwauliza watu wa hekaluni, wakasema alikuwa wao kabisa, kila sikukuu alilia ngoma zilipoanza. Wakamlisha. Aliwauliza watu wa msikitini, wakasema alikuwa wao, hakukosa futari hata mwaka mmoja, ingawa kufunga hakufunga. Wakamlisha. Aliwauliza watu wa chama, wakasema alikuwa wao kuliko wote, kwa ushahidi kwamba walimfukuza mara mbili, na mtu hafukuzi mgeni. Hao walimpa chai tu. Mwishowe alimkuta dada yake, ajuza, amekaa barazani anamenya muhogo. Kuhusu chama na dini ajuza alisema hajui, waulizwe wenye vyama na dini. Lakini kuhusu ukucha aliachia kisu, akacheka mpaka akakohoa. Alisema kaka yake alisokota biri miaka mingi kabla hajashika kalamu, na hata alipokuwa mtu wa kutunga vitabu hakuukata ukucha ule. Usiku akikwama neno aliugonga mezani, tak, tak, mpaka nyumba nzima ikakosa usingizi.

Mwalimu akapiga mhuri: Ana ukucha.

Siku hiyo mwenyekiti alifanya jambo ambalo soko zima lilizungumzia. Alikwenda kununua samaki mwenyewe, akachagua vibua vyenye macho maangavu, akavibeba nyumbani kwenye jani la mgomba akishika kikoi chake cheupe kwa mkono mwingine kisiguse tope. Bandani usomaji ulikuwa umerudi mchana uleule. Jioni akanawa mikono mapema. Yashoda akapakua. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelia vizuri.

"Halafu?" akasema mwenyekiti.

Yashoda alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alikuwa mtu wa nadhiri. Akisema Jumanne hali nyama, hata akiugua hali.

"Azimio linasema wenye ukucha tu," akasema. "Bandani, njiani au majumbani."

"Mimi ni mume wako, Yashoda."

"Mume ni mume. Nimelisikiliza azimio lote, mume hayumo."

Hayumo kweli. Mwenyekiti alilijua azimio kwa moyo, na alilipitia kichwani neno kwa neno akitafuta upenyo, na kila mahali palipokuwa na upenyo alikuta yeye mwenyewe alikwisha kuuziba. Akala vibua vyake. Vilikuwa vizuri. Alisema ni vizuri. Yashoda akasema ongeza.

Siku zilizofuata mwenyekiti alizima feni ofisini, ingawa joto lilikuwa la kuchemsha yai, akaegemeza sikio ukutani kana kwamba anapumzika. Ukuta ulikuwa imara, umejengwa wakati wa uongozi wake. Alipata mlio wa sauti ya Madhavi bila maneno, kama mtu anayesali chumba cha pili. Akasikia bandani wamecheka. Akasikia mtu amepiga paja. Kisha, siku moja baada ya chai, akasikia ukimya wa watu wengi kwa pamoja, mikono imesimama, hata mikasi hailii, na akajua kwamba humo mna kitu kikubwa na yeye hayumo. Jioni Yashoda alikuwa na uso wa mtu aliyetoka safari. Alimtazama mumewe kwa huruma, akatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, akakaa. Ilionekana hata yeye ulimi unamwasha, maana aliinuka mara tatu kutazama jiko lililokwisha kuzimwa.

Ilipojulikana kwamba sura iliyobaki ni moja, mwenyekiti aliitisha mkutano wa dharura wa wanachama wote, bandani, kabla ya usomaji. Agenda: kibali maalumu cha uongozi. Alisimama mbele ya jamvi, mwavuli umeegemezwa kwenye meza, akazungumza vizuri sana. Alisema ukucha, kwa tafsiri pana, si lazima uwe wa kidole. Uko ukucha wa fikra. Uko ukucha wa utumishi. Kiongozi anayekunja midomo ya mafaili mchana kutwa naye, kwa namna yake, anasokota.

"Mwenyekiti," akasema Nabeesa kutoka chini, "hebu tuonyeshe mikono."

Mwenyekiti akaionyesha, kwa kuwa watu wote walikuwa wakitazama na asingeweza kuificha bila kuonekana anaificha. Ilikuwa mikono misafi, laini kama muhogo uliochemshwa, na doa moja la wino wa mhuri kwenye gumba. Hakuna aliyecheka. Rosamma aliinamisha kichwa.

Mwalimu Kelappan, kwa masikitiko, alisoma kifungu cha cheo chochote.

"Hatukufukuzi, kaka," akasema Nabeesa, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mtoto ale dawa. "Njia ziko mbili. Kaa hapa ufuge ukucha, tutakufundisha, hata Madhavi alianza na biri zinazofanana na karoti. Au sema tu kwamba azimio lilikuwa la kipuuzi. Tulifute, tusome, twende nyumbani. Neno moja. Sisi wenyewe tuliliunga mkono, hatutakucheka sana."

Yashoda alisogeza ungo wake, akajisogeza na yeye, akamsukuma jirani yake kwa kiwiko, pakabaki kwenye jamvi nafasi ya mtu mmoja. Akaipangusa vumbi la tumbaku kwa kiganja, akamwinulia mumewe macho, akangoja.

Madhavi alikuwa ameweka kidole katikati ya kurasa.

Mwenyekiti aliitazama ile nafasi. Ilikuwa chini sana. Alimtazama mwalimu na mhuri wake, akawatazama makarani wawili waliochungulia mlangoni, akamtazama tena mkewe. Akafungua mdomo. Watu waliokuwa karibu wanasema neno lilikuwa limefika kabisa, waliliona kooni.

"Uongozi," akasema, "utaunda kamati ndogo ya kuangalia upya..."

Hapo akasikia mwenyewe anachosema, akanyamaza. Yashoda hakuondoa mkono wake kwenye jamvi.

Mwenyekiti akachukua mwavuli wake, akajipangusa kikoi mahali ambapo hapakuwa na vumbi, akatoka.